Trei ya Mayai ya Asubuhi

Mama mkwe wangu hupima yai kwa deki. Najua jambo hilo linavyosikika, lakini ndivyo lilivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa hospitali, katika jiko ambalo saa yake ya ukutani ilisimama mwaka wake wa pili kazini na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza. Wagonjwa walitaka mayai kila asubuhi, wengine laini, wengine magumu, na mkubwa wa jiko hakutaka kusikia habari za saa. Basi akajitafutia saa yake mwenyewe. Mayai yakishaingia kwenye maji yanayochemka, alichukua ndoo na tambara akaanza kupiga deki korido iliyokuwa nje ya jiko. Akifika mwisho wa korido, kiini bado kinachuruzika. Akigeuka na kurudi mpaka mlangoni, yai limeiva lote, kiini ni cha manjano safi, bila ile pete ya kijani inayotokea ukilisahau motoni. Wenzake wakambandika jina la Bi Deki, na korido ile ikawa safi kuliko chumba cha daktari mkuu.

Mimi nilimkuta ameshastaafu, anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu nilijitia kumpikia yeye na ndugu wa mume wangu. Nikaweka maharage motoni, nikakaa kupiga soga na jirani, na nilipokumbuka, sufuria ilikuwa imeshika weusi mpaka kwenye mkono wake. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alifunua kifuniko akamgeukia mdogo wake.

“Umetuletea mke au umetuletea mkaa?”

Watu walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akatoka jikoni akasema kwamba ni yeye aliyeniambia niache moto mkubwa, na kwamba kama kuna wa kuchekwa, achekwe yeye. Hakuwa ameniambia chochote. Hata hakuwapo nilipobandika sufuria.

Huyo wifi yangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na hata akiwa likizo anatembea ndani ya nyumba za watu kama anakagua madaftari. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu mume wangu atasoma hapa, lakini pia kwa sababu ni kweli. Anampenda mama yake kwa namna ya kumpangia kila kitu. Mimi nina mdomo, sikatai, na kwa miaka tisa tumekuwa tukisalimiana vizuri na kununiana vizuri.

Kisha macho ya mama yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichoondoka hakirudi. Sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama karibu, basi. Lakini ndani ya nyumba yake huwezi kujua. Kila kitu kina mahali pake: chumvi kushoto, kibiriti kwenye kopo la bluu, ufunguo wa mlango kwenye msumari nyuma ya mlango. Deki anapiga peku, na nyayo zake zinamwambia alipopita na alipobakiza. Kwa kuwa nyumba ni ndogo kuliko korido ya hospitali, yai gumu ni sebule, jikoni, kisha ngazi mbili za mbele.

Shida ilianza siku kitambaa cha kushikia sufuria kilipoangukia kwenye moto wa jiko la gesi. Alikizima mwenyewe kwa maji, hakuungua hata kucha, lakini ukuta ulibaki na doa jeusi, na wifi akaliona. Siku hiyo alikaa kwenye kochi akalia kweli kweli. Halafu akafuta machozi, akavaa miwani, akatoa uamuzi.

“Mama, unahamia kwangu. Jiko hili tunalifunga.”

“Kwako nitafanya nini?” mama akauliza.

“Utapumzika.”

“Nimeshapumzika. Sasa nataka kupika.”

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mama akatoa shauri lake. Jumapili inayofuata aje kila mtu wa familia, watu kumi na mmoja, na yeye awapikie mayai na viazi, peke yake, pasipo mtu kugusa kijiko. Kikiungua kitu au kikiharibika kitu, atautoa ufunguo msumarini kwa mkono wake mwenyewe ampe binti yake, na Jumapili ya pili yake atahama. Kila kitu kikienda sawa, habari ya kuhama isitajwe tena.

“Mayai na viazi tu, mama?” wifi akauliza.

“Mayai nayajua kuliko ninavyowajua nyinyi.”

Wifi akakubali. Nadhani alifikiri mayai ni rahisi, na kwamba anampa mama heshima ya kushinda kidogo. Mtu asiyemenya mayai mengi huwaza hivyo. Kumenya yai moja kwa kifungua kinywa ni mchezo, lakini mwambie amenye thelathini yatoke laini, bila kovu, watu wakiangalia.

Mimi ndiye niliyeagizwa trei ya mayai. Hapa ndipo ninapoingia vibaya.

Nina banda la kuku nyuma ya nyumba, kuku hamsini wa mayai, na siku zote mama hupata mayai yake kwangu. Lakini niseme ukweli: nilikuwa nampelekea mabaki. Wateja huchagua kwanza, yale makubwa, yale safi, yale mapya, na yanayobaki rafuni wiki nzima ndiyo yanayokwenda kwa mama. Yeye hakulalamika hata mara moja. Mimi nilikuwa najisikia vibaya kidogo, kiasi cha kutosha kujilaumu lakini si kiasi cha kuacha.

Jumapili ile nikasema leo hapana. Niliamka kabla ya kuku wenyewe. Nikazunguka bandani na kikapu, kila yai linalotagwa naliokota bado lina joto. Nilipata arobaini na mawili. Nikachagua thelathini mazuri, ya kahawia, yanayolingana, nikayafuta kwa kitambaa, nikayapanga kwenye trei. Kumi na mawili yaliyobaki nikayaweka rafuni. Yale mabaki ya wiki iliyopita sikuyatazama hata mara mbili.

Mtu atauliza, mfugaji mzima wa kuku hajui mambo ya mayai? Nitamjibu. Mfugaji hula mayai yaliyopasuka. Mazima ni ya wateja. Na yai lililopasuka hulichemshi, linamwagikia majini, kwa hiyo kwangu ni kukaanga tu, mwaka mzima. Nilikuwa najua kuku anakula nini, anaugua nini, anataga lini. Yai lenyewe likishaingia kwenye sufuria nilikuwa sina habari nalo.

Niliingia kwa mama nimeikumbatia trei kifuani. Wifi alikuwa amesimama karibu na meza ya jikoni, mikono kifuani, anasubiri. Watu wengine walikuwa sebuleni.

Mama aliweka mayai kwenye beseni la maji baridi, moja moja. Hiyo ni kawaida yake. Zamani alikuwa anatazama, sasa anapapasa. Yai likilala chini kabisa, ni jipya. Likiinua kitako chake kidogo, limekaa wiki hivi. Likisimama wima, liliwe haraka. Likielea, litupe kabla hujalivunja. Nilimwona anaingiza mkono, vidole vinapita juu ya mayai, vinapita tena, halafu mkono ukatulia majini.

“Haya yametoka wapi, mwanangu?”

“Kwangu, mama,” nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika sebuleni. “Yote ya leo asubuhi. Mengine yana joto mpaka sasa.”

Wifi alinitazama. Akashusha mikono yake, na mimi nikafurahi kumwona hivyo.

“Ahsante,” mama akasema. “Umejisumbua sana.” Akatabasamu, akayatoa majini.

Maji yalipochemka alipunguza moto, akayashusha mayai kwa kijiko kikubwa, kila moja likigusa chini bila kugonga. Akachukua ndoo. Akapiga deki sebule, watu wakiinua miguu, akapiga jikoni, akashuka ngazi mbili za mbele. Wifi alimfuata kwa macho akitazama saa yake ya mkononi, na nilimwona anatikisa kichwa kwa mshangao. Dakika kumi na moja kamili. Viazi vilikuwa tayari, havikushika chini. Mama akamwaga maji ya moto, akajaza ya baridi, akayabadilisha mara mbili, halafu akatikisa sufuria ili maganda yagongane na kupasuka. Akayaacha yalowe. Yalilowa muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nilifikiri amechoka.

Kisha akakaa kumenya. Aligonga yai upande wa kitako, pale penye uwazi wa hewa, akalibingirisha chini ya kiganja, akaingiza kidole gumba chini ya utando. Ganda likatoka na kipande cha ute. Akajaribu upande mwingine. Kikatoka kipande kingine. Yai la pili vilevile. La tatu akalimenya ndani ya maji, polepole, midomo imebana, na likatoka limechimbikachimbika mpaka kiini kinaonekana. Nilitaka kumsaidia, wifi akanishika mkono.

“Tulikubaliana,” akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa imelegea.

Mama aliyamaliza yote thelathini. Hakuna hata moja lililotoka zima. Bakuli lilijaa vitu kama vilivyotafunwa na panya. Watu walikula, na shemeji yangu mmoja akasema ladha ni nzuri sana, ambalo ni neno baya kuliko yote aliyowahi kusema.

Baada ya chakula mama alifuta mikono. “Vidole vimezeeka,” akasema. Akaenda nyuma ya mlango, akapapasa msumari, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha binti yake. Wifi aliufunga ndani ya pochi haraka haraka, akageuka dirishani. Mimi nilijikaza kisabuni mpaka nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bado sijapata amani. Nikayatazama yale mayai kumi na mawili rafuni, ndugu wa yale thelathini, na nikaamua kuchemsha matatu. Sijui nilikuwa natafuta nini. Pengine nilitaka kuona jinsi ilivyo rahisi, ili nikubali kwamba mama kweli ameishiwa. Nikachemsha, nikapoza, nikagonga. Mikono yangu ina miaka thelathini na minne, na macho yangu hutunga uzi kwenye sindano bila shida. Ganda likatoka na nusu ya yai.

Mume wangu akachungulia. “Hilo limegombana na nani?”

Nilichukua yai moja kutoka kwenye mabaki ya wiki iliyopita, nikalichemsha vilevile, dakika zilezile. Ganda lilivuka kama soksi. Nilisimama pale nimelishika, jeupe, laini, zima. Niliondoka na kanga ya kupikia kiunoni.

Mama alikuwa anakunja nguo kitandani, anaziweka kwenye begi.

“Mama, ulijua.”

“Nilijua nini?”

“Mayai yale. Ulijua hayatamenyeka, tangu ulipotia mkono majini.”

Alikunja blauzi, akailainisha kwa kiganja. “Yai la leo limeng’ang’ania ganda lake, mwanangu. Lipe wiki. Hospitalini tulikuwa tunapokea mayai Jumanne na hatuyachemshi mpaka Jumatatu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ulikuwa umeikumbatia trei. Nilisikia unavyopumua. Na wifi yako yuko pale. Ningesema haya hayafai, yale maharage yangefufuka, na safari hii ungeyabeba mpaka uzeeke.”

“Kwa hiyo ukaona afadhali upoteze nyumba!”

“Usinipigie kelele,” akasema kwa upole. “Nilidhani nitayaweza. Nimeshamenya mayai mabaya kuliko hayo. Yakanishinda. Na baada ya kunishinda ningesema nini? Ingeonekana nasingizia kuku.”

Nililia, sioni haya kusema. Nililia nimekaa juu ya nguo zake alizokwisha kunja, akabidi azikunje upya. Ndipo aliponiambia nisimwambie wifi.

“Nitamwambia.”

“Nimekukataza.”

“Mimi ni mkaidi, mama. Ulijua hivyo tangu wiki ya kwanza.”

Jumapili ya kuhama wifi alikuja na gari dogo la mizigo. Alinikuta jikoni, maji yanachemka kwenye sufuria mbili. Katika moja nilikuwa nataka kutia mayai tisa, yaliyobaki katika yale kumi na mawili, ambayo sasa yalikuwa yametimiza wiki. Katika nyingine, mayai tisa niliyookota asubuhi ileile. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima, na yote ikanitoka.

“Wifi, ni mimi niliyeharibu,” nikasema. “Si mikono ya mama. Nilileta mayai mapya mno. Mayai mapya hayamenyeki, na mimi sikujua.”

Alinitazama juu ya miwani. “Kwa hiyo waliofeli mtihani ni kuku?”

“Niliyefeli ni mimi. Kaa hapo.”

Sijui kwa nini alikaa. Labda miaka tisa yote sikuwahi kukubali kosa mbele yake na alitaka kuona mwisho wake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana kwa hasira, akinikasirikia mimi. Nilitia mayai kwenye sufuria zote mbili, nikampa ndoo mkononi. Alisita kidogo, kisha akainama akaanza sebule.

Aliporudi kutoka kwenye ngazi nikamwaga maji, nikapoza sufuria zote mbili, nikazitikisa. Mama nikamwekea yale ya wiki. Wifi nikamwekea ya leo. Alikunja mikono ya gauni, akasukuma miwani juu ya pua, akaanza kwa makini ya mtu anayesahihisha mtihani wa taifa. La kwanza likachanika. Akasema alikuwa na haraka. La pili likachanika. La tatu alilimenya kwa ncha za kucha, punje moja moja ya ganda, kama dakika nne hivi, na mwishoni alibaki na kiini mkononi na ute wote umebaki kwenye maganda.

Kando yake mama alikuwa amemaliza tisa. Yalikuwa kwenye sahani, yanang’aa, hakuna lenye kovu. Hakuwa amegeuza uso kuyaangalia hata mara moja.

Wifi alitazama sahani ile, akatazama mikono yake mwenyewe.

“Mama, ulijua?”

“Nilijua.”

“Na ukanipa ufunguo.”

“Nilikupa.”

“Kwa nini hukuniambia tu? Mimi ni mwanao!”

Mama alitafuta kitambaa, akakipata mahali pake, akafuta vidole kimoja kimoja.

“Kwa sababu ungemcheka,” akasema.

Wifi alivua miwani. Safari hii sikufurahi hata chembe. Alikaa na kile kiini mkononi mpaka kikaanza kubomoka. Nje dereva wa gari la mizigo alipiga honi, na hakuna aliyeondoka kitini. Hatimaye aliinuka, akafungua pochi. Mama alisikia ufunguo ukigonga meza, akageuza kichwa.

“Hapo si mahali pake,” akasema.

Wifi akauchukua tena, akaenda nyuma ya mlango, akautundika kwenye msumari. Kisha akatoka kwenda kumwambia dereva aondoke, na aliporudi alikuwa ameazima nyundo kwa jirani. Akapigilia msumari mwingine, mbali na jiko, akatundika kitambaa cha kushikia sufuria. Alimshika mama mkono akampeleka mara tatu, kutoka jikoni mpaka kwenye msumari, mpaka mkono ukaujua. Halafu akakaa tena mezani, akanisogezea sahani ya mayai mazima.

“Chukua la kwanza wewe,” akaniambia, bila kunitazama. “Na yale maharage, wifi. Nisamehe.”

Nilichukua, nikala.

Tangu siku hiyo mayai ya mama yana rafu yake bandani kwangu. Wateja hawaigusi. Kila trei naifunga uzi wa katani, na kila siku inapopita nafunga fundo moja. Mama akiipokea mlangoni hatii mkono majini tena kwanza. Anashika uzi, anauvuta polepole kati ya vidole, anahesabu. Jumapili iliyopita tulikuwa naye wote, wifi akiwa ameshainua miguu kusubiri deki, wakati mimi nilipoingia na trei.

“Mafundo saba,” mama akasema. “Bandika maji.”